Bi Sanober, Fundi Aliyezipoza Sauti Zetu

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, Bi Sanober Ishak anastaafu rasmi kutoka Mbiu Matangazo, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Neno "rasmi" nimeliweka makusudi. Likizo yake ya mwisho alipewa tangu Oktoba ili azoee kukaa nyumbani. Siku ya kwanza ya likizo alikuja karakanani kuchukua miwani aliyosahau. Siku ya pili alikuja kuurudisha ufunguo wa maliwato. Kufikia wiki ya pili hakuwa anatafuta sababu tena. Alikuwa anafika tu, anavaa koti lake la kazi juu ya gauni, na kuuliza ni gari gani linalonung'unika. Bw. Seth, meneja wetu, alimkumbusha kwamba yuko likizoni. Bi Sanober alimjibu kwamba yuko likizoni kweli, na kwamba kila mtu hupumzika apendavyo.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Becky Nasipwondi, msomaji wa matangazo. Bw. Seth alinipa sharti moja: "Andika mambo ya kazi, Becky. Usimlize mtu." Nitajitahidi, lakini mambo ya kazi ya Bi Sanober na mambo ya maisha yake yalishapandana kitambo, na mimi sina koleo la kuyatenganisha.

Kwa wageni watakaokisoma kijitabu hiki: Mbiu Matangazo ni yale magari madogo yenye spika nne juu ya paa, yanayopita mitaani kisiwani kutangaza siku ya chanjo, maji yatakapokatika, mkutano wa wazazi, harusi, tanzia, na mara moja mbuzi aliyepotea wa mtu wa Tononoka. Karakana yetu iko Shimanzi, kati ya ghala na yadi ya makontena, mahali ambapo malori hupita mchana kutwa na meza ukiifuta asubuhi, kabla ya chai unaweza kuandika jina lako juu ya vumbi.

Bi Sanober alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, kitinda mimba wa Mzee Ishak, aliyekuwa na duka la kutengeneza redio Ndia Kuu. Huko ndiko alikojifunza kulehemu waya kabla hajajua kukuna nazi. Ni maneno yake mwenyewe, na wali wake unayathibitisha. Redio za kutengenezwa zilipoadimika na duka likafungwa, alitafuta kazi. Mwaka wa 1993 kampuni hii, iliyokuwa na gari moja tu, ilimwajiri kuwa karani wa kupokea matangazo ya wateja.

Kiti cha ukarani kilimshinda. Simu ililia ofisini na yeye yuko uani. Mteja alifika na karani yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Meneja wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alivumilia kwa muda, kisha akatoka hadi mlangoni akasema, "Bi Sanober, basi baki huko huko nje." Hivyo ndivyo tulivyompata fundi wetu. Karani mwingine aliajiriwa, na yule wa kwanza hakurudi ndani isipokuwa kuchukua chai, ambayo aliinywa kwa kusimama na kamwe hakuimaliza. Vikombe vyake nusu vimeokotwa juu ya matairi, ndani ya masanduku ya vifaa, na kimoja kilisafiri juu ya paa la gari kutoka Shimanzi hadi Marikiti bila kumwagika.

Kutotulia kwake hakukuwa kwa miguu tu, na masikio yake nayo hayakupata kupumzika. Kwenye harusi ya Kaingu, dereva wetu, alitoka katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi akaenda kurekebisha spika za kampuni iliyokodiwa, kampuni ambayo, naomba nikumbushe, ni washindani wetu. Siku nyingine alimfuata kijana wa tuktuk kwa miguu hadi kituo chake amwambie kwamba redio yake inavuma kwa sababu waya wa ardhi umelegea. Kijana alidhani anadaiwa nauli iliyozidi.

Sasa nifike kwenye feni, kwa sababu ukiwauliza wafanyakazi wa Mbiu ni kitu gani Bi Sanober ametuachia, wote watakuambia feni.

Mwaka wa 2017 tulinunua amplifaya mpya. Zilikuwa na nguvu kuliko zile za zamani. Sauti ilifika hadi ghorofa za juu bila mimi kupasua koo. Kila moja iliwekwa ndani ya sanduku la plaiwudi nyuma ya kiti cha dereva, likagundishwa na kupigiliwa misumari pande zote, ili vumbi na chumvi ya baharini visiingie. Paliachwa mlango mdogo tu wa kufikia swichi na fyuzi. Msimu wa baridi kila kitu kilienda vizuri. Lilipoanza jua la kaskazi, mambo yakaharibika. Amplifaya ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe isiungue: taa ndogo nyekundu huwaka, sauti hukatika, na huna la kufanya ila kungoja ipoe.

Wasomaji mtacheka, lakini sisi hatukucheka. Tulipita Makadara nikitangaza, "Ndugu wakazi, mnaarifiwa kwamba kesho hakutakuwa na..." Kimya. Mtaa mzima ulisimama. Akina mama walitoka madirishani. Mzee mmoja alitukimbilia hadi kwenye gari kuuliza hakutakuwa na nini. Mpaka amplifaya ilipopoa, nusu ya Makadara ilikuwa imejaza maji mapipa, nusu imenunua mishumaa, na ukweli ni kwamba hakutakuwa na kliniki ya macho.

Bi Sanober alisema dawa ni feni. Amplifaya ina mapezi ya chuma mgongoni ya kutolea joto, lakini ndani ya sanduku lililofungwa joto lile halina pa kwenda. Toboa upande mmoja, weka feni isukume hewa juu ya mapezi. Toboa upande wa pili, hewa moto itoke. Bw. Seth alikataa. Amplifaya ni mpya, alisema, na muuzaji ameonya kwamba tukichezea, tukiharibikiwa ni shauri yetu.

"Tukitoboa, Bi Sanober, vumbi la Shimanzi lote litahamia ndani."

"Na tusipotoboa, sauti haitoki. Wataka lipi?"

"Nataka tungoje mvua. Joto likipungua zitatulia."

Ukitaka kumwona Bi Sanober akibadilika rangi, mwambie angoje. Alitoka nje, na siku nzima ile tulimsikia akigonga vyuma ambavyo havikuhitaji kugongwa.

Machi ya mwaka wa 2018, wakati sauti zetu bado zinakatika, simu ya Bi Sanober ililia. Alikuwa juu ya paa la gari la Kaingu akikaza spika. Alisikiliza, akashuka na spana mkononi, akasimama mbele yetu kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

"Baba ametoka," alisema hatimaye. "Hajulikani alipo."

Mzee Ishak wakati ule alikuwa na miaka themanini na sita, akiishi Kibokoni na Bi Sanober na Zoya, binti wa Bi Sanober. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumwacha. Mchana jirani yao, Bi Nasiha, alikuwa akikaa naye. Siku hiyo Bi Nasiha aliingia kuswali adhuhuri, na alipotoa salamu mlango ulikuwa wazi na viatu vya mzee havipo. Zaidi ya hayo mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa amepata dawa yake asubuhi lakini chakula cha mchana bado hakijamfikia, na jua lilikuwa lile la Machi ambalo hata paka hawatoki.

Kaingu hakuuliza kitu. Alikuwa ameshawasha injini. Mimi nilipanda mbele na maiki, Bi Sanober akaingia nyuma karibu na lile sanduku, na tukatoka Shimanzi kwa kasi ambayo kampuni hairuhusu.

Tulianza Kibokoni kwenyewe, tukazunguka Makadara, tukaingia Barabara ya Digo. Nilitangaza kama ninavyotangaza siku zote mtu akitafutwa: mzee amepotea, jina lake Ishak, amevaa kanzu nyeupe, koti la kijivu na kofia ya kufuma. Watu walitikisa vichwa. Tulipofika Marikiti sauti ikakatika. Nilitazama nyuma nikaona taa nyekundu inawaka, na uso wa Bi Sanober uko karibu nayo.

Kaingu aliliegesha gari kivulini. Hapo ndipo nilipoelewa kungoja ni kitu gani kwa Bi Sanober. Alishuka, akalizunguka gari, akapanda. Akashuka tena. Alichukua kipande cha boksi akapepea ule mlango mdogo wa swichi kwa mikono miwili. Kila mwenye kanzu aliyepita, yeye alimgeukia kuona kama ni baba yake. Sauti iliporudi tulikwenda mbio kidogo tu, na kabla ya kufika Feri ikakatika mara ya pili.

Pale Feri ndipo hofu ilipotushika sawasawa. Abiria walikuwa wamejaa wakingoja kuvuka, na kama mzee alikuwa ameshavuka kwenda Likoni, basi tulikuwa tunatafuta upande usio wake. Bila spika, mimi ni mwanamke mmoja tu anayepiga kelele kwenye umati. Nilishuka nikamweleza muuza maji mmoja, dada mwenye kilemba cha njano. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliita wenzake, wauza korosho, wauza soksi, mwenye mkokoteni wa miwa, wakaacha biashara zao wakaingia katikati ya abiria wakitazama nyuso za wazee mmoja mmoja.

Nilipogeuka, Bi Sanober alikuwa amesimama kwenye dirisha la Kaingu.

"Kaingu, mwanangu, nipe feni yako."

Niieleze feni hiyo. Ilikuwa feni ndogo ya gari, ya kubandika kwenye dashibodi, ambayo Kaingu aliinunua kwa pesa zake na hakuruhusu mtu yeyote aiguse wala aielekeze kwake. Alikuwa akiifuta kila asubuhi kabla hajafuta kioo cha mbele. Kaingu aliitazama mara moja, kisha akaing'oa mwenyewe.

"Chukua, Bi Sanober. Chukua na skrubu zake."

Nilimpigia simu Bw. Seth, kwa kuwa gari ni la kampuni na sanduku ni lile alilokataza. Nilianza kumweleza tangu mwanzo, akanikatiza.

"Mwambie akate. Akitaka, akate na gari lenyewe."

Sijui kama Bi Sanober aliusikia ujumbe huo. Alikuwa ameshapenya plaiwudi kwa bisibisi na sasa anakata kwa kipande cha msumeno wa chuma, amepiga magoti juu ya sakafu ya gari, jasho linamdondoka kwenye mikono. Alikata dirisha upande mmoja akaifunga feni ielekee kwenye mapezi. Akakata tundu dogo upande wa pili. Kisha akakata waya wa feni na kuanza kuuunganisha na ule unaoiwasha amplifaya, ili viwake pamoja na kuzimika pamoja. Nilipoona anatafuta kitu kwenye mkoba wake wa vifaa nilishindwa kujizuia.

"Bi Sanober, inazunguka, nimeiona. Twende tu."

"Fyuzi," alisema. "Gari likishika moto, Baba tutamtafuta na nini?"

Akaipata, akaipachika. Wauza maji na korosho walikuwa wamerudi kutuambia kwamba mzee hayumo miongoni mwa wanaongoja. Wafanyakazi wa kivuko nao walisema hawakumwona mtu kama huyo akipanda. Kaingu akawasha gari, feni ikavuma, taa nyekundu ikazimika. Nikaweka maiki mdomoni.

"Anatafutwa mzee aliyepotea..."

Bi Sanober alinishika bega kutoka nyuma. "Becky, usimwite aliyepotea."

"Niseme nini basi?"

"Kwake yeye hajapotea. Akisikia kuna mtu amepotea, ataanza kumtafuta huyo mtu."

Nikatangaza kama ninayemwita mtu anayeheshimika, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: "Bwana Ishak, fundi wa redio wa Ndia Kuu, unaombwa usimame hapo ulipo, unahitajika." Nikarudia, na nikarudia. Baadaye Bi Sanober alichukua maiki akasema maneno machache kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao. Sauti yake ilipita juu ya mapaa ya Ganjoni ikitetemeka, na mimi, ambaye sijui neno hata moja la Kikachi, nilielewa yote.

Tuliiacha Feri tukashika njia ya Liwatoni. Sauti haikukatika. Kaingu alikuwa ameloa chapachapa mbele kule bila feni yake, shati limemganda mgongoni, na kila mara alitupa jicho kwenye kioo, si kutazama magari bali kuhakikisha taa nyekundu haijawaka. Njia ile ina karakana za mashua na injini, watu wanachomelea, wanapiga rangi, na kelele zao si haba. Niliongeza sauti. Nilikuwa karibu kupiga mayowe.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya injini mbovu mbele ya karakana ya mashua aliinuka, akaingia barabarani, akanyoosha mkono mbele kama askari wa trafiki. Kaingu alikanyaga breki. Kanzu nyeupe, koti la kijivu, kofia ya kufuma.

Mzee Ishak hakumtazama mtu. Alikuja hadi dirishani kwangu.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Sauti yakwaruza. Mwawaumiza watu masikio." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, mama, maiki si muhogo. Itoe mdomoni."

Niliitoa. Tangu siku ile huishika mbali na mdomo, na wateja wengi wamesifu.

"Fundi wenu ni nani?" aliuliza.

Bi Sanober alikuwa ameshuka. Alisimama karibu naye asimguse, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Mimi, Baba."

Mzee alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake, iliyojaa vumbi la mbao na alama za msumeno. Sikujua kama alikuwa amemtambua. Hata leo sina hakika.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

Mzee alifikiri. "Basi sikumaliza," alisema, na akazunguka nyuma ya gari kuona.

Kaingu alimfungulia mlango. Mzee aliinama, akaitazama feni, akaufuata waya kwa kidole hadi kwenye fyuzi, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika na hilo. Kisha akaweka kiganja mbele ya tundu la upande wa pili, akakiacha pale.

"Hewa moto yatoka kwa shida," alisema. "Tundu dogo. Ulitakiwa uanze na pa kutokea. Panua hapa."

"Nitapanua, Baba. Panda kwanza."

Alipanda mwenyewe, kama fundi aliyeitwa kazini. Alipoketi ndipo tulipoona jinsi anavyotetemeka na midomo ilivyomkauka. Wale mafundi wa mashua walituambia kwamba alifika akitaka kusikiliza injini yao, wakampa maji na kivuli lakini hakuwataja watu wake. Kaingu alivuka barabara akarudi na soda na mkate, Bi Sanober akamlisha mdogo mdogo, na kutetemeka kukapungua. Njia nzima hadi hospitali, ambako alitazamwa na kuruhusiwa jioni ile ile, mzee aliweka mkono wake mbele ya lile tundu. Bi Sanober aliweka wake juu ya wa baba yake. Nadhani huo ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kumwona ametulia.

Asubuhi iliyofuata Bw. Seth aliwahi kufika karakanani. Alilikagua sanduku, akapitisha kidole kwenye kingo za plaiwudi zilizokatwa ovyo. Sote tulikuwa tumesimama.

"Haya magari mengine," aliuliza, "Bi Sanober, utayamaliza lini?"

Kazi ile Bi Sanober aliifanya kwa utaratibu, maana alijua kwamba ya Feri ilikuwa ya dharura. Alitumia feni za kompyuta, ambazo hazili umeme mwingi. Aliziwekea mpira chini ili zisitetemeke, na wavu pamoja na sifongo nyembamba mbele ili vumbi la Bw. Seth libaki nje. Pa kutokea hewa alipafanya papana kuliko pa kuingilia, akapawekea kibao cha kukinga mvua. Kosa moja lilitokea: kwenye gari la kwanza mvumo wa feni uliingia kwenye spika, nikasoma tanzia ya watu huku nyuma yangu kama pana kundi la nyuki. Aliomba radhi kwa wafiwa yeye mwenyewe, akabadilisha njia ya nyaya, na nyuki wakahama. Tangu hapo hakuna tangazo letu lililokatika kwa sababu ya joto. Makadara wanatuamini tena. Kaingu alinunuliwa feni mpya ya dashibodi na kampuni, lakini analalamika hadi leo kwamba ile ya kwanza ilikuwa na upepo bora.

Mzee Ishak alifariki mwaka uliofuata, mchana, kitandani kwake Kibokoni, binti yake amemshika mkono. Zoya aliniambia kwamba baada ya mazishi mamake alikaa kwenye kiti kutwa nzima, miguu pamoja, na kwamba jambo hilo lilimtisha kuliko kilio. Wiki iliyofuata alirudi kazini. Kaingu aliposikia bisibisi imeanguka na mtu analaumu skrubu nyuma ya gari, alituambia, "Alhamdulillahi, amerudi," ingawa yeye ni Mkristo.

Hivi sasa Bi Sanober hana raha, na sisi pia hatuna. Yeye huzunguka karakana akifungua masanduku aliyoyafunga jana yake. Jeremy, fundi aliyekuja kushika nafasi yake, ni mwenye ujuzi na subira, na subira hiyo imepata kazi: Jumapili iliyopita alipigiwa simu akiwa kanisani aulizwe kama amekumbuka kusafisha sifongo. Alikuwa amekumbuka. Akaulizwa kama ana hakika. Nasi kwa upande wetu tumeanza kusikiliza magari kwa makini kuliko zamani, kila mmoja akijiuliza kama atasikia kasoro ambayo kwa miaka yote hii tulimwachia mtu mmoja aisikie.

Januari, Mungu akijaalia, yeye na Zoya watakwenda Umra. Zoya tayari ameonya msafara mzima kwamba mamake huenda akapotea kwa kuwa amesimama mahali kuchunguza spika.

Sherehe ya Ijumaa ilituletea swali la zawadi. Tulimpendekezea friji. Akakataa. Tukataja sofa, akatutazama kama tuliomtukana. Mwishowe Bw. Seth alimwomba ataje mwenyewe, naye akasema anataka gari la Kaingu kwa muda mfupi, na maiki.

"Utatangaza nini?" Bw. Seth aliuliza.

"Wale watu wa Feri," alisema. "Yule dada wa maji, wauza korosho, mwenye miwa. Na wale mafundi wa mashua. Waliacha riziki zao siku ile wakamtafuta Baba. Mimi nilipanda gari nikaenda zangu. Sijawahi kuwaambia asante."

Bw. Seth, mtu wa masharti, safari hii hakuweka hata moja. Alisema tu kwamba mafuta yatalipwa na kampuni.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, kabla ya chakula na hotuba, gari letu litatoka Shimanzi kuelekea Feri na Liwatoni. Bi Sanober atakaa mbele na maiki. Mimi nitakaa nyuma, karibu na sanduku, kuitazama taa. Amejaribu maneno yake karakanani mara kadhaa na kila mara sauti imemkauka katikati. Nimemwambia asijali. Akikwama tutamngoja, huku gari likiendelea kwenda.

Bi Sanober, kwa masikio yako, kwa mikono yako, na kwa chai zote ulizotuachia nusu, tunashukuru. Sisi wa Mbiu Matangazo tunakuombea afya, safari ya heri wewe na Zoya, na uzee wenye shughuli nyingi kama utakavyo mwenyewe. Ukipita Shimanzi, ingia. Mlango utaukuta wazi, na yeyote atakayekuwa zamu hatakuambia ukae.